Herufi za sumaku na ubao wake: miezi saba ya kuzitumia na binti yangu wa miaka minne

Hili boksi nililinunua mwezi wa pili pale Kariakoo mtaa wa Kongo, muuzaji aliniambia sh 28,000 tukabembelezana mpaka 22,000, na tangu siku hiyo tumelitumia karibu kila siku kwa hiyo ninachosema hapa sio cha wiki moja. Binti yangu ndo alikuwa ametimiza miaka minne, chekechea anaenda asubuhi anarudi saa sita, na mi nilitaka kitu cha kumshughulisha mchana ambacho sio simu. Basi.

Ndani kuna ubao mmoja, ukubwa kama karatasi mbili za A4 ukiziunganisha, upande mmoja mweupe wa maka peni na unashika sumaku, upande wa pili mweusi wa chaki. Kuna herufi 26 za plastiki, zote kubwa, kuna namba 0 mpaka 9, kuna alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na sawasawa. Kuna na kadi za picha ila hizo nitazisema chini huko maana zina kesi yake.

Nianze na zuri kwanza. Ubao wenyewe ni imara, miezi saba umeanguka mara nyingi mno na haujapasuka, upande wa chaki unafutika vizuri na kitambaa chenye maji. Na herufi kuwa na sumaku mgongoni ina faida ambayo sikuijua wakati nanunua, mtoto hawezi kuiweka herufi kinyume kama anavyoiona kwenye kioo, kwa sababu ukiigeuza haishiki. Akiandika kwa chaki R yake inaangalia kushoto, S inageuka, lakini hizi za sumaku zinambana zenyewe bila mi kusema "hapana sio hivyo" kila dakika. Zinaweza kupinduka juu chini tu. Siku moja nilimwekea MALI, yeye akaipindua ile M ikawa W, nikamwambia haya soma sasa, akapitisha kidole, wa, wa-li, WALI! Alicheka mpaka akalala chini sakafuni. Akairudisha, mali, akaipindua tena, wali. Alifanya hivyo sijui mara ngapi, mi nimekaa tu namwangalia maana pale ndo nilijua kaelewa kitu, kwamba ukibadilisha herufi moja tu neno zima linakuwa lingine, na hicho sijawahi kumfundisha kwa mdomo.

Na tena akawa anazunguka nazo nyumba nzima kujaribu zinashika wapi. Mlango wa grili zinashika, friji inashika, kikaango cha chapati kinashika, sufuria hazishiki. Akaniuliza mama kwa nini sufuria inakataa. Nikamwambia sufuria ni aluminiamu, kikaango ni chuma, sumaku inapenda chuma. Sasa kila kitu kipya kikiingia nyumbani lazima kipimwe kwanza.

Sasa shida, na hii ndo sababu hasa iliyonifanya niandike, kwa sababu naona watu wengi wananunua haya maboksi na sidhani wanaambiwa. Boksi limetengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kila herufi iko moja moja. Siku ya kwanza kabisa binti yangu kaniambia mama andika mama. Nikaweka M, nikaweka A, nikatafuta M nyingine... hakuna. A nyingine hakuna. Nikasema basi tuandike baba, haiwezekani. Dada haiwezekani, kaka haiwezekani, babu, bibi, kuku, kiti, samaki, hakuna. Hebu fikiria, maneno yote ya kwanza ya mtoto wa Kiswahili, yale anayoyapenda, watu wake wa nyumbani wote, huwezi kuandika hata mmoja! Jina lake mwenyewe lina herufi sita na A ziko tatu humo. Alisimama anaangalia ubao, anauliza A zingine ziko wapi, na mi sina jibu.

Kiswahili chetu kinakaa kwenye irabu, karibu kila silabi inaishia na a, e, i, o au u, kwa hiyo herufi hizo tano ndo zinatakiwa ziwe nyingi, hasa A. Halafu humo ndani wametuwekea Q na X ambazo hatuna kazi nazo, na C ambayo peke yake haifanyi kitu mpaka ikae na H. Wiki ya kwanza nilikaa natafuta maneno ambayo hayarudii herufi, nikapata ugali, wali, chai, maji, meza, simu, mbuzi, shule, chumvi, nyota. Na kwa kweli hayo yalitusaidia, ugali ndo neno la kwanza alilolisoma peke yake na alijivuna nalo mpaka kwa jirani. Ila nasema wazi, kama unanunua kwa ajili ya Kiswahili boksi moja HALITOSHI. Nunua mawili, au fanya kama nilivyofanya mi.

Nilichukua katoni la mafuta ya kula nikalikata vipande kama kadi za karata, nikaandika silabi kwa maka peni, ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, da, ka, la, ta, na, sa, hivyo hivyo, na zile zinazojirudia sana nikaziandika mara mbili mbili. Ma mbili, ba mbili, ka mbili, bi mbili. Maka peni sh 1,000, katoni bure. Nikamwekea ma na ma, nikamwambia hii inasema ma, na hii je? Ma. Zote pamoja? Akakaa kidogo, mdomo unajaribu, halafu akaniangalia usoni, "mama". Haikuchukua dakika mbili. Kitu ambacho boksi la 22,000 lilishindwa kadi za katoni zilifanya jioni moja. Wazee wetu walisoma hivi hivi kwa silabi na walikuwa sahihi, Kiswahili kinasomeka kwa silabi kwa sababu kinatamkwa kama kilivyoandikwa, ba ni ba kila mahali, haibadiliki ukifika neno lingine.

Na hapo nigusie hii habari ya ei bii sii. Nyumbani tuna ndugu, tuna majirani, kila anayekuja akikuta ubao anamwambia haya tuambie hii ni nini, "ei", hongera, na hii, "bii". Anaimba yote mpaka mwisho bila kukosea. Lakini akija kusoma neno la Kiswahili anasoma em ei el ai, na hapo hakuna mali wala wali. I anaiita ai, E anaiita ii, sasa I na E zimeshagombana kichwani. Sina ubaya na Kiingereza, atakisoma, chekechea yao wanakifundisha na napenda. Ila nyumbani nimeamua herufi tunaziita kwa sauti zake za Kiswahili kwanza, a e i o u, na M ni mmm sio em. Nimemwambia na baba yake, nimemwambia na dada wa kazi, ilibidi wote tuseme kitu kimoja maana mtoto akisikia tofauti kwa kila mtu mwisho anakuwa anabahatisha tu. Ilichukua kama wiki tatu akatulia.

Zile kadi za picha sasa. Zina A apple, I igloo, X xylophone. Igloo! Mtoto wa Mbagala. Kaniuliza hii nini nikamwambia ni nyumba ya barafu wanajenga watu wa nchi za baridi sana, sawa kajifunza kitu, lakini ile sauti ya I iliyotakiwa ikae kichwani haijakaa kwa sababu neno lenyewe halijui. Kadi hizo nimezigeuza nyuma nimechora zetu, I iko kwenye iriki, anaijua, kila nikipika pilau ananusa. Mchoro wangu sio mzuri ila anautambua.

Upande wa hesabu, boksi liko nusu nusu. Namba ziko moja moja pia, kwa hiyo unafika kumi halafu unakwama, maana 11 inataka moja mbili na wewe unayo moja. Na mi naona kumi na moja ndo pale penye utamu wa hesabu za Kiswahili! Neno lenyewe linamfundisha mtoto, kumi NA moja, kumi NA mbili, anasikia kabisa kwamba kuna kumi imekaa pembeni na kuna kitu kimeongezwa. Binti yangu alifika kumi na tisa kwa raha zake, halafu akasema "kumi na kumi". Na kwa kweli sio kosa la kumcheka, kahesabu sahihi kabisa ila hajaambiwa kwamba hapo kuna neno jipya, ishirini, na huko mbele thelathini na arobaini, hayo hayafanani na mbili wala tatu wala nne kwa hiyo lazima akariri tu. Nilimpa muda, nikamwekea vizibo kumi huku na kumi huku nikamwambia hizi kumi mbili jina lake ishirini.

Vizibo vya soda, jamani, okoteni vizibo. Mi nilimwomba kaka wa duka la pale mtaani anikusanyie, wiki mbili tu akanipa kopo zima, nikavichemsha nikavisugua. Alama za kujumlisha na kutoa za kwenye boksi mtoto wa miaka minne bado hazimhusu sana, anachohitaji ni kushika vitu vitatu na kujua kwamba ni vitatu hata ukivitawanya. Hilo boksi halikupi. Namba 5 ya plastiki ni plastiki tu mpaka aweke vizibo vitano pembeni yake. Kwa hiyo mchezo wetu ni huo, mi naweka namba kwenye ubao yeye anapanga vizibo chini, halafu tunabadilishana, na mara zingine mi nakosea makusudi aone kama atanikamata. Ananikamata.

Kuna kitu kimoja nilikisikia hapo nikakaa nacho siku nzima. Alikuwa anahesabu kwa sauti, kizibo kimoja, vizibo viwili, vitatu, vinne, vitano, VISITA, VISABA. Nikashtuka, kasikia wapi visita? Hajasikia popote, kajitengenezea mwenyewe! Kaona vi vi vi akaendelea nayo, hajui kwamba sita na saba na tisa hazibadiliki. Sikumkatisha. Nilijibu tu "ehee, vizibo sita" nikaendelea, na baada ya muda akaacha mwenyewe. Ila nilifurahi sana, maana mtoto anayesema visita ana kanuni kichwani, hakariri.

Babu yake alipokuja kututembelea akacheka hayo mambo ya plastiki, akatoa bao lake. Sasa bao la kete mnalijua, mashimo 32, kete 64, na kwenye bao la kujifunza unaanza kwa kuweka mbili mbili kila shimo. Akamkalisha mjukuu wake akamwambia nipangie. Mbili, mbili, mbili, mbili. Dakika ishirini mtoto kainama hasemi neno, kidole kinaingia kila shimo kuhakikisha, akikuta tatu anatoa moja, akikuta moja anaongeza. Hajui kucheza bado, lakini kupanga tu kwenyewe ni hesabu tosha. Babu akamwambia "mjukuu wangu, hapa hujaacha hata shimo moja", kazi hiyo sasa ni yake, hakuna mwingine anayempangia babu.

Kwa hiyo kwenye hesabu ningekwambia usitegemee boksi. Tegemea genge. Mpe kazi ya kuchagua nyanya za fungu la kwenu, mwambie nipe nne, nipe moja zaidi, ngapi sasa. Mwambie apange sahani kwa watu wa nyumbani, tuko watano, bibi hayupo leo, je sahani ngapi. Hiyo ya "bibi hayupo" alikuwa anakosea mwanzo, sasa hakosei.

USALAMA, na hapa naomba usipite haraka. Wiki ya pili tu sumaku ya mgongoni mwa namba 4 ilibanduka. Niliikuta kwenye zulia, kidude cheusi kidogo kama punje ya mahindi, na nina mtoto mdogo wa miezi kumi anayetambaa na kila kitu kinaenda mdomoni. Mwili ulinisisimka. Sumaku sio kama kumeza mbegu ya chungwa, mtoto akimeza mbili au zaidi zinaweza kuvutana ndani ya tumbo zikabana utumbo katikati, ukatoboka, na hiyo ni kukimbilia hospitali hapo hapo usisubiri aumwe. Nikakaa usiku ule nikazipima zote kwa ukucha moja moja, nikakuta zingine tano zinalegea. Nilizigandisha kwa supa glu na kila Jumapili nazikagua, na tukimaliza kucheza tunazihesabu zinaingia kwenye boksi linakaa juu ya kabati. Boksi limeandikwa miaka 3 na kuendelea, mi naona kama nyumbani kuna wa chini ya hapo usilinunue kabisa, chukua za mbao au kata katoni. Kwa hili peke yake naipunguzia nyota, hata kama mengine yangekuwa sawa.

Kingine kidogo, herufi zote ni kubwa na chekechea wanaanza na ndogo, kwa hiyo G anaijua ila g ilimpa shida. Kadi zangu za katoni nimeandika ndogo. 6 na 9 pia ni zilezile, nimechora mstari mdogo kwa maka peni chini ya kila moja ikaisha.

Kuna watu wataniuliza kwa nini usimpe tu tableti. Simkatazi kila kitu, jioni mara moja moja anaangalia Akili and Me, ile katuni ya Ubongo wanaoitengeneza hapahapa Dar, Akili ni binti wa miaka minne anakaa chini ya mlima Kilimanjaro na akilala anaenda Lala Land kwa marafiki zake wanyama, na naipenda kwa sababu iko kwa Kiswahili chetu na umri ni wake. Na mi mwenyewe nimetokea Tanga, kule ndo walifanyia majaribio ya Global Learning XPRIZE, yale mashindano ya dunia ya kutengeneza programu ambazo mtoto anajifunzia mwenyewe kusoma na kuhesabu, vijiji karibu 170, watoto kwenye 2,700 hivi ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kukaa darasani wakapewa tableti zenye programu za Kiswahili, na 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, wakatangazwa washindi pamoja wakagawana dola milioni 10. Watoto walisogea kweli, kwa lugha yao. Kwa hiyo sio kwamba tableti haifundishi. Ila wa kwangu bado mdogo anataka kushika, na anataka mtu wa kumwambia "nimekuona". Vitabu vya hadithi vya Kiswahili navitoa African Storybook, ni bure, unaweza ukavichapa stesheneri wakakubania kwa waya, navyo tunasoma usiku mmoja mmoja kabla ya kulala na hapo huwa simuulizi maswali ya silabi, tunasoma tu.

Kwa bei ya 22,000 naipa nyota tatu kati ya tano. Ubao nne, herufi tatu, namba mbili, kadi moja.

Na kwa yule atakayeenda kununua, jaribu hili. Mwezi wa nne nilirudi mtaa wa Kongo nikamwuliza muuzaji kaka huna A za kuuza peke yake? Akaniangalia kama sijui nasemaje, nikamweleza, mtoto anataka kuandika jina lake. Akasema subiri dada, akaingia ndani akatoka na maboksi mawili yaliyopasuka ambayo hayauziki, akayamwaga juu ya meza tukachambua wote, mi nachukua irabu tu na M na B. Kanitoza 3,000. Nikaondoka na A, E, I, O, U mbili mbili, na M mbili na B mbili kwenye mfuko mdogo.

Sikumwambia kitu, niliziweka tu ndani ya boksi na zingine. Jioni akafungua, akaona A, akaona A, akaona A, akanyamaza. Akazibeba zote akaenda mlango wa grili wa uani, akaanza kupanga polepole, ulimi uko nje pembeni ya mdomo, herufi sita. Mpaka leo ziko pale, hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, nikipiga deki napitisha kitambaa pembeni yake.